Ganda la Risasi Kwenye Kibuyu cha Mursik

Makosa ni yangu, sina wa kusingizia. Nayasema hapa kwa sababu huku kwetu karibu na Kiptere kila mtu ashayajua, na wamechoka kunicheka. Sasa nichekeni nyinyi.

Mwaka jana wezi walivamia duka moja sokoni, wakampiga mwenye duka risasi ya paja, wakatorokea kwa shamba langu la majani chai. Asubuhi yake naenda kuchuma, naona kitu kinang'aa chini ya miti ya chai. Ganda la risasi! Nikajiambia, risasi si imeshatoka? Hii ni takataka tu. Nikatia mfukoni.

Niambieni, mama anayengojea koito ana akili kweli? Hiyo koito, sherehe ya posa ya binti yangu Chebet, ilikuwa imekaribia, na nilikuwa napamba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulala, cha kukaribishia wageni. Nikasugua ganda na jivu na stilwaya mpaka likawaka. Nikalibandika katikati ya shanga, kitako kikizama kwa nta. Woi, kilipendeza!

Siku ya tatu polisi wakamkamata pamwai wangu, yaani baba ya kijana anayemwoa Chebet; sisi wazazi wa pande mbili tunaitana hivyo. Yeye ni polisi wa akiba, ana bunduki ya serikali, na watu walimwona akikimbia nayo kwa majani. "Nilikuwa nafukuza wezi!" akasema. Lakini risasi moja ilikuwa imepungua. Akasema alitishia fisi. Sasa fisi ataitwa shahidi?

Mpelelezi akaita kijiji chote kwa shamba langu.

"Tafuteni ganda. Dukani halipo, mwizi alilitoa kwa bunduki akikimbia hapa. Kila bunduki inaacha alama yake kwa kitako, pale pini inagonga. Nikilipata, wataalamu watasema kama ni bunduki ya huyu mzee au si yake."

Na mnajua nilifanya nini? Niliinama nikatafuta na wao! Masaa matatu, na najua kitu iko nyumbani kwa rafu! Hata niliwakemea vijana, "Angalieni vizuri huko chini, nyinyi!" Niliogopa kufungwa. Chebet analia, "Mama, koito gani na baba mkwe yuko seli?" Na mimi namwambia tuombe Mungu. Aibu gani hii!

Nilinyamaza siku kumi na moja. Ya kumi na mbili mpelelezi akaja kwangu kuuliza wezi walikimbilia upande gani. Haya, mgeni akiketi kwa Mkipsigis, anaenda hivi hivi? Mkono ulienda wenyewe kwa rafu. Nikatikisa kibuyu, nikamimina. Afande akanywa, midomo ikashika ule mkaa tunaotia kwa mursik, akasifu sana. Halafu akageuza kibuyu, kidole kikasimama kwa ganda.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni... ni urembo, afande."

Weh! Nilicheka mpaka nikalia, ama nililia mpaka nikacheka, sijui. Nikamwambia yote.

Akalibandua na kisu, akatia kwa bahasha. Alinigombeza vibaya, kwa sababu alama za vidole za mwizi nilikuwa nimesugua zikaisha. Lakini kitako kilikuwa kimelala salama kwa nta! Huko Nairobi wataalamu walifyatua bunduki ya pamwai, wakaweka maganda mawili chini ya hadubini. Alama hazikufanana hata kidogo! Siku anaachiliwa nilipiga vigelegele pale kituoni mpaka askari wakaniambia mama, tulia. Baadaye bunduki ya wezi ilishikwa huko Sotik, na ule urembo wangu ndio ulilingana nayo.

Koito ilifanyika, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Lakini pamwai alitoka seli na kikohozi cha kulala kwa simiti, na bado anacho.

Kwa hivyo nawaambia, ukiona ganda usiguse, simama hapo hapo uite polisi. Na kama ushaokota kwa ujinga kama mimi, sema siku hiyo hiyo. Kuokota kwangu pamwai alisamehe haraka. Kile kilimuuma ni kusikia nilikuwa natafuta na wengine.

Chebet alienda na kile kibuyu. Nilitaka kuziba pengo na shanga, pamwai akakataa. Nikiwatembelea, ananimiminia yeye mwenyewe, ananigeuzia upande wenye pengo, anakohoa kidogo, anasema, "Kunywa, pamwai."

Watu wanacheka, na mimi nacheka. Halafu nakunywa nikiangalia chini.