Mbwa wa Kona ya Nne

Viti vya sebuleni kwangu vimevaa vizuri kuliko mimi. Nilikozaliwa, Molo, kiti kisicho na kitambaa kilihesabiwa kuwa uchi, na mama yangu alivifuma vya maua mpaka redio ikapata chake. Nilipohamia Silver Spring, huku ng'ambo, niliacha mengi, lakini hilo sikuliacha. Tofauti ni kwamba vitambaa vyangu havina maua. Vina mafundo.

Yalianzia kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo letu. Kuna rafu pale ambapo wapangaji huacha vitabu wasivyovitaka. Nilichukua kimoja kwa sababu ya jalada lake: mstari ulizunguka pembeni mwa picha, ukapita juu ya mwenzake, ukapita chini, ukajipinda, na nilipoufuata kwa kidole ukanirudisha nilikoanzia. Nikasoma huku mashine inazungusha shuka zangu. Kilikuwa kisa cha nchi ya ukungu, wafalme waliolala ndani ya vilima, na paa mweupe aliyekuwa akileta salamu kutoka kwa wafu. Shuka zilikauka zikapoa, mimi bado nipo.

Mimi ni muuguzi wa wazee. Mambo ya kweli nayapata kazini, ya kunitosha na kubaki. Nikipanda treni kurudi nyumbani, nipeni paa anayeongea. Nimemaliza rafu nzima ya vitabu hivyo kwenye maktaba, na mkutubi akiniona siku hizi ananyoosha tu kidole kuonyesha vipya vilipo.

Michoro yenyewe ni ya Waselti, watu wa kale wa Ayalandi na Uskoti. Naichora kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, kisha naidarizi kwa uzi. Sheria ni moja tu: juu, chini, juu, chini. Ukipita juu mara mbili mfululizo, umeharibu, na utajua baadaye kabisa, wakati mstari unakataa kufunga. Sijui kitu kingine kinachonituliza hivyo. Maombi hunituliza pia, lakini kwenye maombi huwa nawaza chakula.

Rafiki yangu wa karibu hapa ni mama kutoka upande wa Eldoret, tunasali kanisa moja. Anakaa Langley Park, pale barabara ilipochimbwa kwa ajili ya reli mpya, na basi la kutoka kwake hufika likiwa limechoka kuliko abiria. Alikuwa akinicheka sana. "Wewe na hizo stori zako za jaba," ananiambia, kana kwamba nimetafuna miraa. "Mtu mzima anasoma juu ya swara!"

Kisha binti yake akajifungua kabla ya wakati, mapema mno. Mtoto akawekwa kwenye mashine ya joto hospitalini, na mirija midogo puani. Rafiki yangu, ambaye huongea kama redio iliyosahauliwa, akanyamaza. Jumapili moja baada ya ibada akanishika mkono pale kwenye maegesho.

"Dada, nitengenezee shali," akasema. "Ya huyo mtoto kutoka nayo hospitali. Nikiwa nayo kwa nyumba nitaamini atatoka."

Sijawahi kupewa kazi nzito kama hiyo. Nilichukua kitambaa cheupe laini, nikazungusha pindo la mafundo ya kijani, na kwenye kila kona nikadarizi mbwa. Waselti walipenda wanyama warefu waliojisokota, shingo imepita chini ya mgongo, miguu imeingia kwenye mkia. Wangu kila mmoja aliuma mkia wake mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa sababu ya kitabu fulani nilichokipenda, na sikumweleza mtu.

Shali ilikuwa imekamilika, nimeitandaza juu ya kiti, siku ushirika wa akina mama ulipofika kwangu. Kwetu ushirika huzunguka nyumba kwa nyumba: leo kwako, wiki ijayo kwa mwingine, tunaimba, tunasoma Neno, halafu chai na chapati. Hatukufika kwenye chapati.

"Hii ni nini?" akauliza mama mmoja, mkubwa wetu kwenye maombi. "Nyoka?"

"Ni mbwa," nikasema.

"Mbwa gani amejikunja hivi?"

Mwingine akainama, akaangalia, akatingisha kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na hii ni ya kufunika mtoto mgonjwa!"

Basi wakasimama wakaomba. Waliweka mikono juu ya viti vyangu, wakamkemea nyoka kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa lugha za nyumbani ambazo labda walidhani anazielewa zaidi. Mimi nimesimama na chupa ya chai, nachemka kuliko iliyomo ndani. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa amefumba macho, lakini midomo yake haikusema amina.

Wiki iliyofuata alikuja peke yake kwa basi. Hakuvua hata koti.

"Usikasirike," akasema. "Daktari anasema mtoto ameacha kuongeza kilo. Najua ni mbwa, umesema ni mbwa. But siwezi ku-risk, dada. Watoe tu. Hiyo mistari ibaki."

"Nyoka wa kwanza duniani kuwa na masikio!" nikasema. Niliumia, na sikuficha. Niliitikisa ile shali mbele yake, nikamwambia kila sikio lilinichukua jioni nzima. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha nikaiona mikono yake, jinsi alivyokuwa akiupindapinda mkanda wa mkoba wake, na hasira ikaniisha. Nikamletea mkasi mdogo na kiti.

Kufumua ni kazi ya polepole kuliko kudarizi. Unageuza kitambaa, unakata uzi kwa nyuma, unauvuta kidogo kidogo kwa sindano ili kisitoboke. Tulikaa dirishani, yeye ameshika upande wake na mimi wangu. Treni ya laini nyekundu ilipita kule chini, ikapita nyingine. Mbwa wa kwanza akatoka, akawa rundo la nyuzi kwenye sahani. Wa pili akafuata.

Kwenye wa tatu akauliza, macho yakiwa kwenye uzi: "Na kwani huyu alikuwa anafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Kwenye kile kitabu mbwa huyo hulala kuzunguka kitanda cha mgonjwa. Anauma mkia wake ili duara lifunge, na aliye ndani hawezi kutoka kwenda kwa wafu. Hata aitwe kwa jina, mbwa hafungui mdomo mpaka kuche.

"Hata akipigwa?"

"Hata akipigwa."

Alimaliza kumtoa wa tatu, kwa sababu alikuwa ameshakatwa nusu. Akaivuta kona ya nne mapajani, akaitazama muda mrefu. Akaweka mkasi juu ya meza.

"Huyu mwache," akasema.

"Na akina mama?"

"Wataona kona tatu. Hii ni yangu." Akaweka kiganja juu ya yule mbwa, akainamisha kichwa. "Bwana," akasema kwa sauti ya chini, "wewe unajua huyu ni mbwa."

Nikasema amina, na safari hiyo sikuwa nawaza chakula.

Mtoto alitoka hospitali majira ya joto yalipoanza, mwembamba na mwenye kelele. Ushirika ukaenda Langley Park kumwona, na uji kwenye chupa, na nepi za kutosha mapacha. Rafiki yangu alikuwa amemkumbatia, shali imemzunguka vizuri. Mkubwa wetu wa maombi akaigusa kona moja, akaigusa nyingine, akaridhika.

"Sasa hii ndiyo shali ya Mkristo," akasema.

"Amina," akajibu rafiki yangu, kwa sauti kubwa kuliko wote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeibana kona ya nne chini ya mgongo wa mtoto, na haukuachia hata alipopewa uji. Katikati ya vidole vyake, sikio moja la kijani lilikuwa likichungulia.