Wenyeji Wanapungua

Shangazi yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Wadudu, alilea wadudu kwa miaka tisa. Walikuwa vidudu vya kufyonza utomvu, vilivyoletwa kutoka ng'ambo kuyamaliza magugumaji yaliyoziba bwawa letu, na kazi yake ilikuwa kuwazalisha kwenye matangi yaliyofunikwa chandarua. Mumewe alizoea kututania, "Mimi hapa nina wakewenza elfu tano, wote wana mabawa."

Kisha wakaja nyigu. Kuja ni neno baya, maana walikuwapo hapa kabla yetu sote: nyigu wa kwetu, wadogo kuliko punje ya mchanga, wanaotaga ndani ya mayai ya wadudu wale. Tangi baada ya tangi, yai la kutoa mdudu likatoa nyigu. Shangazi alibadili chandarua, akaziba kila upenyo, wapi! Likabaki tangi moja safi, namba saba, nyuma ya milango miwili. Hilo alilitunza kama mboni ya jicho. Likiharibika hilo, mbegu yote imekwisha.

Ijumaa akamwandikia taarifa mkuu wa kituo alikofanya kazi. Katika kazi ile, mdudu anayeliwa na kimelea huitwa mwenyeji, kwa kuwa ndiye anayempa makao. Basi akaandika: "Wenyeji wanapungua sana." Mkuu, mtu wa mafaili, akafurahi. Jumatatu, kabla shangazi hajafika, akaamuru tangi namba saba lichanganywe na mengine.

Shangazi alikuta milango yote miwili wazi.

"Mkuu, nani kafungua huku?"

"Mimi, mama. Si uliandika nyigu wanapungua?"

"Niliandika wenyeji!"

"Ndiyo hao nyigu, wa hapa hapa. Wako wamekuja kwa ndege, vibali vyao ninavyo. Watakuwaje wenyeji?"

Shangazi akaifunga milango yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikikumbuka nachemka mpaka leo. Miaka tisa ya mtu, halafu anayefungua mlango hata kuuliza hakuuliza!

Baada ya wiki tatu shangazi akapasua bua la gugumaji, wanamotaga wadudu wake, akatazama kwa lenzi. Kila yai lilikuwa la nyigu. Akaketi kuandika taarifa ya mwisho, na kwa ukaidi akatumia neno lile lile, kwa sababu ndilo sahihi: "Wenyeji wamekwisha."

Mkuu akaipeleka makao makuu bila kuisoma. Jibu lilirudi na muhuri: "Hongereni sana."