Wasomi Saba na Karatasi Isiyo na Mwisho

Wasomi saba walibishana siku tatu juu ya karatasi isiyo na mwisho. Aliyegundua ni mimi, mpika chai, darasa la saba, tena la zamani.

Nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu.

Nianze na mdogo wangu. Aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, akalazwa hospitali kubwa. Mashine ya picha za mifupa pale ilikuwa mbovu. Picha alizopigwa mwanzo zilikuwa zahanati ya kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Daktari akasema, "Bila picha sishiki kisu."

Zahanati wakazituma kwa kompyuta. Zikafika nusu, zikakatika. Wakaanza upya. Zikakatika tena.

Nikampigia fundi wa kompyuta wa hospitali.

"Bibi, hii njia ya kutumiana mafaili ni kongwe kuliko mimi. Ikikatika haijui ilipoishia. Wala haijui kilichofika ni kizima au nusu."

"Sasa dawa yake?"

"Ipo, nyongeza ya kuitengeneza njia hiyohiyo. Zahanati wameshaiweka. Mimi nimekatazwa kuiwasha mpaka kamati ipitishe pendekezo la kuifanya kanuni ya wote."

"Kamati ipi?"

Akanitajia. Nikacheka peke yangu. Chai ya kamati ile napika mimi.

Basi nikawa nakusanya vikombe kwa mwendo wa kinyonga, masikio nje.

Mwenyekiti, ambaye kitambi humtangulia kuingia, alikuwa na wimbo mmoja. "Kitu kimezeeka, kiacheni kife. Maiti hapakwi wanja."

"Maiti gani anayeamkia kazini kila siku?" akamjibu Mama Miwani, pekee aliyekuwa upande wetu. "Kila hospitali imejitibia kivyake, ndiyo maana hazielewani. Tuandike kanuni moja."

"Nani bado anatumia njia hiyo?" akauliza mwenyekiti. "Watu tumeendelea."

"Halafu mwenye pendekezo hajaeleza hata faili likikatika linaendeleaje," akadakia mwingine, biskuti tele mdomoni.

Hajaeleza?

Karatasi za pendekezo nilizibana pini kwa mkono wangu. Ukurasa wa nane ulisema, "Faili likikatika, mashine ita". Basi. Chini yake kweupe.

Nilimwambia katibu siku ile ya kwanza. Alinijibu, "Bibi, sukari imeisha."

Siku ya tatu mwenyekiti akasema wanaokataa wanyooshe mikono. Ikapanda sita.

Nikatua birika mezani.

"Samahani wanangu. Ukurasa wa nane unaishia wapi?"

Karatasi zikaanza kufunuliwa. Nyingine zilikuwa bado zimegandana, hazijawahi kuguswa.

Mama Miwani akauliza taratibu, "Katibu, pendekezo hili lilitufikiaje?"

Katibu akajikuna shingo. "Kwa njia ile."

"Ipi?"

"Hiyo ya zamani, mama. Ndiyo tunayotumia siku zote."

Jalada liliandikwa kurasa kumi na tisa; kumi na moja zilikatikia njiani, na hakuna aliyejua.

Utadhani waliona haya. Thubutu! Mwenyekiti akajifuta jasho, akatoa uamuzi: mjadala uahirishwe miezi sita, na iundwe kamati ndogo ichunguze mpika chai amesomaje nyaraka za ndani.

Nikavua aproni.

"Unakwenda wapi, bibi? Chai bado."

"Kuhamisha faili, mwenyekiti. Mimi nikikatika njiani, najua nilipoishia."

Siku mbili, kwenda zahanati na kurudi, bahasha ya picha nimeikumbatia kama kichanga. Daktari akaziinua picha kwenye mwanga.

"Mfupa umekosa damu siku nyingi mno, mama. Nitafanya ninavyoweza."

Mdogo wangu hajaacha fimbo hadi leo. Kamati nayo, nasikia, bado inakutana. Chai wanajipikia.

Ndugu zangu, siku mkitafuta wa kuamua habari ya daraja, msiulize nani amesoma. Ulizeni nani ana mgonjwa ng'ambo.