Bwana Aliyekuwa Akitazama Korosho Zetu

Msimu ule niliamini, mimi mwenye ndevu zangu na cheti cha shule ya jioni, kwamba huko Uhindi kuna bwana mmoja amekaa mbele ya televisheni pana kama ukuta wa msikiti, anatazama korosho zetu kutoka angani. Akiona moshi wa mkulima anayekaanga zake ale, anashusha bei ya mnada Newala nzima.

Habari hiyo aliileta mjomba wangu kutoka Tandahimba, na mjomba akishasema, nani abishe? Nikafagia uwanja wa kuanikia mara kumi na nane kwa siku. Korosho nikazipanga mistari kama askari wa gwaride, zipendeze. Kila asubuhi nilitazama mbingu: "Shikamoo, mzee!" Hakuitikia. Nikasema ana kazi nyingi.

Sasa, msimu huohuo nilikuwa nimeposa binti katika kijiji cha Lulindi. Mama wa binti akaja kwetu Mkunya kutuona, na nyumbani kwetu mgeni wa posa asipotiwa korosho za moto mkononi hajapokelewa, na posa imekufa. Mama yangu alishawasha moto chini ya debe la kukaangia. Nikaumwagia ndoo nzima ya maji.

"Wee! Umerogwa?"

"Moshi, mama! Atatuona!"

"Nani?"

Nikaonyesha juu. Mjomba, ambaye ndiye mshenga, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekunywa chai na bwana yule jana.

Mgeni akainuka, akakaza khanga. "Kama mnaninyima korosho, semeni. Mwanangu haji hapa kufa njaa."

Jasho lilinitoka la kujaza visima viwili. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: televisheni, moshi, bei.

Mgeni akanyoosha vidole vyake, vyote makovu ya kuunguzwa na mafuta ya maganda ya korosho. Alibangua korosho kiwandani tangu usichana wake, mpaka kiwanda kikafungwa, kikageuzwa ghala.

"Sikiliza, baba," akasema. "Zinakwenda ng'ambo na maganda yake kwa sababu hapa hatubangui tena. Bei wanaipanga hukohuko, ule usile. Hakuna anayekutazama. Hawajui hata kama upo. Haya, washa moto."