Kigoda cha Bibi Grizel

Mimi ndiye mjinga aliyepanda treni hadi Edinburgh, kwa nauli yake mwenyewe, kwenda kutafuta aibu ya ukoo wake.

Nikaipata. Tena kwa mwandiko mzuri.

Iko hivi. Kijijini kwetu Pitcarron, shangazi yangu Effie Gilfillan, miaka themanini na minne, ana kigoda cha miguu mitatu. Cheusi, kifupi, kibaya kama mkosi.

Hakuna tako lililowahi kuruhusiwa kukikalia.

"Bibi yetu Grizel aliheshimiwa mpaka kanisa likampa kiti chake," husema. "Mbele kabisa! Waumini wote wanamtazama yeye!"

Ukumbi wa kijiji ulipopata kabati la vioo la vitu vya kale, shangazi akataka kigoda kiingie kabla hajafa. Nafasi ilibaki moja tu.

Mwenyekiti wa chama cha historia, Hector Moncur, akagoma. Naye aliitaka nafasi hiyo kwa Biblia ya babu wa mababu zake, Gideon, mzee wa kanisa enzi hizo hizo za Grizel.

"Bi Effie, hadithi za jikoni si historia. Lete karatasi, isomwe mbele ya watu."

Nikatumwa mimi. Kiwanda cha samaki kilishanifuta kazi, mke alishaondoka na mbwa. Nani angefaa zaidi?

Kwenye nyumba ya nyaraka, dada mmoja akaniletea kitabu cha mashauri ya kanisa letu, mwaka 1761.

Grizel Gilfillan amezaa bila ndoa. Amekataa kumtaja mwanamume. Atakaa kwenye kigoda cha toba mbele ya waumini, Jumapili tatu.

Chini yake, mstari mmoja: kigoda kimeibwa.

Aisee! Heshima gani tena? Mzinzi, halafu mwizi!

Nafunua ukurasa, nakuta barua imekunjwa. Nikaisoma. Nikacheka hadi yule dada akanikodolea macho. Nikapiga picha vyote viwili.

Nyumbani nikamwambia shangazi kila kitu. Chai ikapoa.

"Jumamosi soma vyote, Wattie. Ila anza na kitabu."

"Shangazi, Moncur atatucheka!"

"Mwache acheke kwanza."

Jumamosi ukumbi ukafurika. Nikasoma kitabu. Watu hoi. Moncur alicheka hadi meno ya bandia yakamcheza.

"Kumbe kiti cha mzinzi! Bi Effie, rudisha mali ya kanisa!"

"Umemaliza?" shangazi akamuuliza. "Wattie, barua."

Nikasoma: "Kwa ndugu yangu, karani wa kanisa. Grizel hajanitaja, Mungu ambariki. Mtoto ana pua yetu. Jumapili zote tatu mimi ndiye niliyemsomea makosa yake. Kigoda nimempelekea mimi mwenyewe, siwezi kukitazama tena. Wewe andika kimeibwa. Gideon Moncur, mzee wa kanisa."



Ukumbi mzima ukaanza kukagua pua. Ya Moncur. Yangu. Ya Moncur tena.

Shangazi akakisukuma kigoda, alichokuja nacho, kwa fimbo hadi miguuni pa Moncur.

"Kaa, binamu. Bibi alikaa Jumapili tatu peke yake. Zamu yenu imechelewa kidogo tu."

Akakaa. Magoti yakamfika kidevuni.

Sasa kigoda kimo kabatini, na Biblia juu yake. Nafasi ileile moja.

Nilichojifunza? Ukitumwa kutafuta heshima ya ukoo, soma mpaka karatasi ya mwisho. Na kabla hujaucheka ukoo wa mwenzio, pitia kwanza kwenye kioo, ukaitazame pua.