Usukani Aomba Ruhusa

Mtaani walimwita Usukani, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa karani wa stoo katika hospitali ya mji, lakini ukimwuliza kazi yake angekuambia kwanza kwamba ana gari. Ufunguo haukumtoka mkononi. Alikula nao, alikwenda nao msibani, na akisimama kuzungumza nawe aliuzungusha kidoleni mpaka macho yakuume. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kijivu, likikohoa kila asubuhi kama mvutaji tumbaku, ila lilikuwa gari pekee katika kichochoro kile, na hilo lilitosha kumvimbisha mtu kichwa.

Basi binti yake wa pekee, aliyehamia nchi ya jirani kikazi, akapata mchumba huko, na harusi ikapangwa hukohuko. Usukani akajipiga kifua kwamba ataingia kwa wakwe akiendesha gari lake mwenyewe. Alitaka wamwone anashuka, anafunga mlango taratibu, anatazama huku na huku. Ndicho alichokuwa anakiota, harusi yenyewe ilikuwa nyongeza tu.

Viti vinne vilivyobaki aliwagawia wenzake wa meza ya drafti: kinyozi, muuza magodoro, fundi viatu na binamu yake asiye na kazi. Mkewe, fundi cherehani aliyekesha akilishona gauni la bibi harusi kwa mkono wake, aliambiwa atangulie kwa basi.

"Mama watoto, wewe na vifurushi vyako mtatubana," alimwambia.

Mkewe akakata uzi kwa meno.

Maandalizi yakaanza. Usukani alinunua kizima moto na pembetatu zile nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika, akawa anajifunza kuzipanga mbele ya nyumba huku majirani wakizikwepa na ndoo zao za maji. Akapata na kisanduku cha huduma ya kwanza, ambacho hatutauliza kilitoka stoo gani. Alipomaliza, alibeba makaratasi yake hadi ofisi ya vibali, akapita moja kwa moja mbele ya watu wote.

"Mimi mtumishi mwenzako," alimwambia dada wa dirishani.

"Shikamoo mzee. Foleni inaanzia kule kwenye nguzo."

Akaenda kwenye nguzo. Zamu yake ilipofika, yule dada alipekua karatasi moja moja. Pasipoti sawa. Leseni ya kimataifa sawa. Cheti cha chanjo sawa, bima ya kuvuka mpaka sawa. Akafika kwenye kadi ya gari, akainua macho.

"Mzee, gari hili si lako."

"Unasemaje?"

"Kadi ina jina la mwanamke."

"Huyo ni mke wangu!"

"Hongera. Basi akuandikie barua ya ruhusa, igongwe muhuri wa wakili. Bila hiyo, mpakani watajua umeiba."

Wala haikuwa siri. Siku ya kununua gari, fedha zikiwa nusu zake nusu za mkewe, Usukani alikuwa mezani anacheza drafti, na alishaapa kwamba mwanamume mzima hapangi foleni. Akamtuma mkewe. Muuzaji akauliza jina la mnunuzi ni nani, mkewe akampigia simu mumewe, mumewe akajibu, "Malizeni hukohuko, nina mchezo." Wakamaliza hukohuko. Baadaye aliiona kadi, akasema karatasi ni karatasi tu. Na huyu ndiye karani aliyekuwa akiwarudisha wauguzi wodini mikono mitupu, mgonjwa anavuja damu, kwa sababu ombi la bandeji halikuwa na muhuri! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Jioni aliingia ndani kwa sauti ya asali.

"Mama watoto, pole na kazi. Habari za kutwa?"

Mkewe akasimamisha cherehani. Swali hilo alikuwa hajaulizwa tangu binti yao akiwa anatambaa.

"Umefukuzwa kazi?"

"La, hasha! Kuna kikaratasi tu cha kusaini." Akaeleza, akizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Twende kwa wakili kesho," akasema. "Leo nina kazi."

Wakili alikuwa kijana mwenye haraka. Aliandika, kisha akasoma kwa sauti: "Mimi, mwenye gari, namruhusu dereva wangu..."

"Andika mume," Usukani akamkatiza.

"Mzee, mpakani hawaulizi ndoa. Wanauliza mwenye mali nani, dereva nani. Mama, abiria ni akina nani?"

"Mimi, kiti cha mbele," mkewe akajibu. "Nyuma dada yangu na shangazi wa bibi harusi. Gauni nalo lina kiti chake, lisije likakunjamana."

"Na wenzangu je?" Usukani akaruka. "Mama watoto, nimeshawaahidi!"

"Uliwaahidi nini?"

"Nafasi kwenye gari langu."

"Basi wapande hilo gari lako."

Wakili akagonga muhuri, akainama kuficha kicheko.

Kesho yake wakasafiri. Mpakani mambo yalikwenda sawa kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza. Kila dirisha waliuliza mwenye gari ni nani, na kila dirisha mkewe akajibu, "Ni mimi." Usukani aliulizwa leseni tu.

Walipofika kwa wakwe, vigelegele vililipuka kabla gari halijasimama. Watu wakawazunguka akina mama, wakalipokea gauni. Mwelekezaji wa magari akaja mbio, jasho linamtoka, magari mengine yakipiga honi nyuma.

"Mwenye gari hili ni nani?"

"Ni mimi," mkewe akajibu kwa mazoea, na hapohapo mama wa bwana harusi akamkumbatia, akamvuta ndani.

"Dereva, zungusha nyuma! Madereva wote nyuma, chakula chenu kinaletwa."

Usukani alifungua kinywa aseme kwamba yeye ndiye baba wa bibi harusi. Lakini angesema hivyo, angeulizwa mbona gari ni la mama, naye angelazimika kuijibu halaiki ile yote. Akaingiza gia, akazungusha nyuma. Iliuma, tusidanganyane. Iliuma mpaka machozi yakamlenga.

Nyuma palikuwa na benchi na madereva watatu. Mmoja akamsogezea nafasi na kummiminia chai.

"Bosi wako yule mama? Anaonekana mtu mwema."

"Ni mtu mwema," Usukani akasema, na akagundua kwamba hajawahi kulitamka neno hilo juu ya mkewe.

"Umemfanyia kazi muda mrefu?"

Usukani akakipokea kikombe.

"Hapana," akasema. "Nimeanza jana."