Mbao za Mtunza Klabu

Mtunza jumba la klabu yetu ya kuviringisha matufe nyasini, hapa Ayrshire, hupitisha kiganja ukutani kila aingiapo, kama mtu anayempima mtoto homa. Kucha zake zina rangi ya kijani ya kuta hizo, isiyotoka. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila baridi inapokwisha, ametafuta ubao uliooza, akaung'oa, akachonga mwingine uliofanana nao kabisa. Tulizoea kumtania, "Mzee, nyumbani mkeo anavujiwa." Naye hujibu, "Yeye ana mwavuli."

Juzi alikuja Bi Greer, mkaguzi wa majengo ya kale. Angekuta mbao za kutosha za mwaka 1889, jumba lilipojengwa, halmashauri iliyotaka kulibomoa isingeruhusiwa.

"Dirisha hili ni la asili, mzee?"

"Hilo nimelichonga mimi."

"Na baraza?"

"Mimi pia. Na dari."

Nikamkonyeza anyamaze.

"Usinikonyeze, dada," akasema polepole. "Siwezi kuikana kazi yangu."

Bi Greer akafunga daftari, akasema hajawahi kuona useremala mzuri namna hii. Mzee akamshukuru, kisha akamuuliza wataanza kubomoa upande gani.